Kufuli Mbili kwenye Swichi Moja

Hongera ndiyo iliyoanzisha ugomvi.

Betri alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye ngazi, glavu kwapani, shati limemgandia mgongoni kwa jasho, na moyoni akiwa na ile raha ya mtu anayejua kazi yake haina kasoro. Tangu asubuhi yeye na wenzake walikuwa wanabadilisha vikombe vya kauri vilivyopasuka, vile vinavyobeba nyaya za umeme mkubwa juu ya uwanja wa kituo. Vipya vilikuwa vimekaa sawasawa. Kilichobaki ni kukusanya vifaa, kila fundi aondoe kufuli yake kwenye swichi kubwa, na upande wote wa mashariki wa mji urudishiwe umeme kabla watu hawajaanza kutukana.

"Hongera, dada," akasema Koleo, fundi mwenzake, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. "Sisi tutazeekea huku juani. Wewe mwezi ujao uko kwenye kiti cha kuzunguka."

"Kiti gani?"

"Cha ofisi ya mita. Usijifanye hujui. Tutakuja kukuazima kalamu."

Betri alitabasamu akisubiri mwisho wa mzaha. Mzaha haukuwa na mwisho. Koleo akamtazama usoni, na kicheko chake kikapungua kidogo kidogo kama taa inayoishiwa chaji. Ikabidi aseme. Mkuu wa kituo alikuwa amekubali ombi la kumtoa Betri kwenye laini na kumpeleka ofisini. Ombi la nani? Hapo Koleo alianza kukunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Alisema yeye alidhani wamekubaliana wenyewe, yeye na Redio, maana si wanaoana.

Betri aliweka glavu juu ya sanduku la vifaa, akaelekea chumba cha udhibiti, na mwendo wake ulimfanya mlinzi wa mlango asimame bila kujua kwa nini amesimama.

Pale kazini Redio hakuitwa jina lake na mtu yeyote isipokuwa karani wa mishahara. Alikuwa ndiye sauti. Alikaa mbele ya ukuta wa taa nyekundu na za kijani, na kila swichi iliyofunguliwa au kufungwa katika wilaya ilisubiri neno lake. Utaratibu ulikuwa mmoja, na haukuwa na njia ya mkato: yeye anatoa agizo, fundi aliye uwanjani analirudia neno kwa neno, naye akiridhika anasema, "Sahihi." Hapo ndipo mkono unaruhusiwa kugusa kitu. Betri alirudia maneno ya mwanaume yule masika yote kabla hajamwona sura. Alipomwona kwa mara ya kwanza, kwenye foleni ya chai, hakumtambua kwa macho. Alimtambua alipoomba sukari, naye akajimwagia chai hapo hapo.

Leo hakuwa na chai ya kumwaga.

"Nani alikutuma kwa mkuu?" aliuliza, bila hata salamu.

Redio aligeuka kwenye kiti. Macho yake yalikwenda usoni kwake, yakashuka sakafuni, na hilo likawa jibu la kwanza. Akafungua mdomo. Redio ya mezani nayo ikafungua wake.

"Samahani," alisema, akainua kidole kumwambia asubiri. "Kituo cha mlimani, nakupata. Fungua swichi ya laini ya pili. Rudia." Akasikiliza. "Sahihi." Akamgeukia tena. "Nilitaka kukueleza leo jioni."

"Jioni, mbele ya mama yako na shangazi yangu? Wakati nimeshika sinia la chai, nisiweze kukurushia kitu?"

"Mama alisema hawezi kuja kwenye kikao cha posa kama jambo la kazi yako halijatulia. Kwa hiyo nika..." Redio ya mezani ikaita. Akafumba macho. "Endelea, mlimani."

Jamani, kuna mambo ya kuudhi duniani, lakini kugombana na mwanaume ambaye kila baada ya sentensi mbili anaongea na mlima ni adhabu ya pekee. Betri alisimama pale mikono kiunoni. Alikumbuka jinsi alivyosoma akifanya kazi mchana na kuhudhuria darasa jioni, mpaka akapata ile stashahada iliyomfanya fundi sanifu. Alikumbuka walivyomcheka alipopanda ngazi siku ya kwanza. Na mtu aliyemwambia kwamba sauti yake ikiwa uwanjani ndiyo inayomtuliza, mtu huyo huyo ndiye aliyekwenda kumvua kofia nyuma ya mgongo wake.

Mlima uliponyamaza, alimuuliza jambo moja tu. "Uliniuliza?"

"Nilijua utakataa."

"Basi ulikuwa na jibu langu. Ukaenda kutafuta lingine."

Alitaka kuongeza, lakini taa nyingine iliwaka na kidole kile kikainuka tena. Kidole kile ndicho kilichomaliza kila kitu. Betri alitoka, akapita mlango wa mbele badala ya ule wa uwanjani, akapita geti, akasimamisha teksi ya kwanza, akazima simu yake na kuisukumia chini kabisa ya mkoba.

* * *

Shangazi, aliyemlea tangu akiwa mtoto, alikuwa ameshatandika vitambaa vyeupe kwenye viti na kuvinyoosha upya kila alipopita. Nyumba ilikuwa moto. Feni ilining'inia darini kama pambo. Umeme ulikatwa asubuhi, na tangazo lilisema utarudi saa sita. Saa sita ilikuwa imepita na kuzikwa.

Na juu ya hayo, mgeni alikuwa ameshafika.

Mama yake Redio alikuwa na saluni kubwa ya upande huo wa mji, na alijibeba kama tangazo la biashara yake mwenyewe: nywele zimepandishwa kwa ufundi hata upepo ungeomba ruhusa kabla ya kuzigusa. Alikuwa amekuja mapema, alieleza, kwa sababu kukaa saluni bila umeme ni kujitafutia presha. Wateja wamekaa na nywele mbichi, vikaushio vimenyamaza, na kila mmoja anamtazama yeye kana kwamba ndiye aliyekata waya.

Betri alimwamkia kwa heshima zote akiwa amesimama mlangoni, na suruali yake ya kazi yenye mifuko mingi, viatu vizito, na vumbi la kauri kwenye nyusi. Alikuwa amepanga kuoga, kuvaa gauni la buluu, na kuonekana kama binti wa watu. Mama alimwitikia, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akarudi tena kwenye viatu.

"Ndiyo unatoka kazini, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya ngazi."

"Juu ya ngazi, mama."

"Mimi nitasema nikiwa nimekutazama," alisema mama, "maana sina tabia ya kusema pembeni. Suruali hiyo siipendi. Ngazi hiyo siipendi. Nikiwaza mkwe wangu ananing'inia huko juu kama popo, usingizi unakata."

Shangazi alikohoa kikohozi cha kuomba amani. Akasema chai iko tayari. Mama akasema chai ni nzuri, lakini kwa joto hili angefurahi zaidi kama feni ingezunguka, na hapo akarudi kwenye shida yake. Alitaka kujua hawa watu wa umeme wana nini. Saa sita waliyosema ni ya nchi gani? Kuna mtu mahali fulani, alisema, ameukalia umeme wa mji mzima, na angependa sana kumwona mtu huyo ana roho ya namna gani.

Betri aliketi, akainama kufungua kamba za viatu. Kitu kidogo, baridi, kilimteleza kifuani na kugonga kifungo cha shati.

Aliiacha kamba ya kiatu, akapapasa kifuani.

Ulikuwa ufunguo.

Kila fundi wa kituo ana kufuli yake, na ufunguo wake ni mmoja tu duniani. Kabla hujapanda, unafunga kufuli yako kwenye mpini wa swichi kubwa. Ikining'inia pale, swichi haisogei, umeme haupiti, na wewe uliye juu unabaki hai. Ukishuka, unaifungua kwa mkono wako. Si rafiki yako, si mkuu wako. Betri alikuwa ameipaka yake rangi nyekundu ya kucha ili asiichanganye na ya mtu. Kwa hiyo sasa hivi, kwenye swichi ile, kufuli za wenzake zote zimeshatolewa, imebaki moja nyekundu, na mwenyewe ameketi sebuleni kwa shangazi yake anafungua viatu.

Alichomoa ufunguo shingoni, ukabembea mwisho wa uzi wake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia. "Yule mtu aliyeukalia umeme."

"Unamjua?"

"Ni mimi."

Shangazi alikaa juu ya kitambaa cheupe alichokuwa ametoka kukinyoosha. Mama aliutazama ufunguo, akamtazama mwenye ufunguo, na alikuwa anavuta pumzi ya hotuba ndefu wakati gari lilipofunga breki nje kwa kishindo.

Redio aliingia bila kuvua kofia ngumu. Alisimama katikati ya sebule, akamwona Betri. Alimtazama mikono, miguu, uso, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya moto. Kisha mabega yake yakashuka.

"Simu yako imezimwa," alisema.

"Niliizima mwenyewe."

"Tumekuita uwanja mzima. Nyuma ya transfoma, bohari, chooni. Mlinzi anasema alikuona ukitoka, lakini huyu mlinzi jana alisema alimwona mkuu akiingia, kumbe mkuu alikuwa nyumbani anaumwa."

Mama aliingilia kati. Aliuliza, kwa uvumilivu uliokuwa umebakiza uzi mmoja, kama kinachozuia nywele za wateja wake kukauka ni kufuli. Redio akasema ndiyo. Mama akauliza kama huko kazini kwao hakuna msumeno.

"Kuna mkasi wa chuma, mama. Mkuu alikuwa ameshaushika mkononi. Utaratibu unamruhusu, kama ana hakika mwenye kufuli hayupo uwanjani."

"Sasa?"

"Mimi sikuwa na hakika. Nilimwambia kufuli ya mtu haikatwi kwa maneno ya mlinzi. Mpaka nimwone kwa macho yangu."

Maneno hayo yangemlainisha Betri siku nyingine. Leo yalimwasha upya. Alisimama, kiatu kimoja kikiwa kimefunguliwa.

"Kufuli yangu uliiogopa," alisema. "Chuma cha kununuliwa dukani. Ukakimbia mji mzima kunitafuta ili mtu asiiguse bila mimi. Kazi yangu je? Hiyo uliikata bila hata kubisha hodi."

Redio alivua kofia. Hakuwa na redio ya mezani ya kumwokoa.

"Kazi yake imekatwa na nani?" aliuliza mama.

Alimgeukia mwanawe polepole, na nywele zake zikageuka pamoja naye.

"Nimeuliza, mwanangu."

* * *

Gari la kituo lilikuwa na kiti kimoja kirefu cha mbele. Ilikuwa watu wawili warudi kazini, basi. Lakini mama alisema yeye haamini tena tangazo wala mtangazaji, ataushuhudia umeme huo ukiwashwa kwa macho yake, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda na kukaa katikati, mkoba mapajani. Kwa hiyo Redio aliendesha, Betri akabanwa mlangoni, na katikati yao wakawa na mama aliyenukia mafuta ya nywele na hasira.

Walikwama kwenye taa za barabarani, ambazo nazo zilikuwa zimezimika, na magari yamefungana kila upande yakipiga honi. Mama aliyatazama, akamtazama Betri. Betri aliangalia nje.

"Pale nyumbani ulisema mimi ndiye niliyetaka ahamishwe," mama alimwambia mwanawe.

"Ulisema hutakuja kikaoni."

"Nilisema zungumza naye. Naye ni nani? Ni huyu. Kwa mkubwa wake nilikutuma lini?"

"Mama, nilidhani..."

"Baba yako alikuwa dereva wa malori makubwa. Anaondoka, sijui atarudi lini, sijui atarudi kama nani. Nililia, nilinuna, nilimficha viatu. Kwa bosi wake sikuwahi kwenda. Ningemfanya mtoto." Alirekebisha mkoba mapajani. "Na suruali bado siipendi," aliongeza upande wa Betri, asije akajisahau.

"Nimesikia, mama," alisema Betri. Ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitaka kucheka.

Msururu ulisogea kidogo, ukasimama. Redio alishika usukani kwa mikono yote miwili na kuzungumza na kioo cha mbele.

"Mnajua kinachotokea nikishatoa agizo? Nasema, panda. Yeye anarudia. Nasema, sahihi. Halafu redio inanyamaza, kwa sababu anafanya kazi, na anayefanya kazi haongei. Mimi nimekaa kwenye kiti, nina taa ukutani, na taa hazinionyeshi mtu. Zinanionyesha waya. Siku ile vikombe vilipopasuka, mvua inanyesha, alikaa kimya mpaka nikasahau kupumua. Alipoita tena alisema, 'Redio, tayari,' kwa furaha kama ametoka dukani. Nikasema sahihi. Nikatoka nje nikatapika."

Betri aligeuza uso kutoka dirishani. Juu ya jengo la nywele la mama aliyaona macho yake, na macho yale yalikuwa mekundu. Alitamani kunyoosha mkono. Mkono ungelazimika kupita mbele ya mama.

"Kwa nini hukuniambia hivyo?" aliuliza.

"Ningeonekana mwoga."

"Ukaona afadhali uonekane mjanja."

Mama alipiga magoti yake kwa viganja. Aliomba, kwa hisani yao, waendelee kupendana gari likiwa linatembea, maana mbele pameachia.

* * *

Getini mama alipewa kofia ya wageni. Aliishika kama mtu aliyepewa panya. Betri alimweleza kwamba bila kofia hapiti, hata angekuwa rais, na mama akafumba macho na kuishusha juu ya ile kazi ya ufundi mpaka kitu fulani ndani yake kikalia. Akabaki nje ya uzio wa uwanja, mikono ameishikiza kwenye wavu, akiwa mfupi ghafla.

Koleo alikuwa anawasubiri kwenye swichi kubwa, akitafuna kijiti. Alimtazama Betri kwa sura ya mtu aliyeuza siri bila kulipwa.

"Kabla hujanipiga," alisema, "tazama kwanza hapo."

Betri alitazama. Kwenye mpini wa swichi kufuli yake nyekundu ilining'inia kama alivyoiacha. Lakini haikuwa peke yake. Pembeni yake, zikigusana mabega, kulikuwa na kufuli nyingine, ya zamani, imezungushiwa utepe wa buluu uliopauka. Aliijua. Ilikuwa ikikaa kwenye droo ya chumba cha udhibiti, pamoja na vijiko na chaja zilizokufa. Mtu wa mezani hana haja ya kufuli. Redio hakuwa amefunga yake uwanjani tangu apewe kiti.

"Mkuu alisema atakata," Koleo alieleza. "Watu wanapiga simu, wakubwa wanapiga simu. Redio akamwomba ashike meza, akaja hapa mbio, akatundika ya kwake. Akamwambia mkuu kwamba wakikata ya Betri watakuta yake, na wakikata yake akiwa hai na ufunguo uko mfukoni mwake, asubuhi waweke mtu mwingine kwenye kiti. Mkuu kaweka mkasi chini. Hajaongea tangu hapo. Anapumua tu kwenye redio."

Betri alisimama mbele ya kufuli zile mbili. Hasira yake ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa, ikaanza kuzungukazunguka kama mgeni aliyeingia nyumba siyo. Mwanaume gani huyu? Mwezi huu ameuza kazi ya mwenzake kwa maneno mawili ofisini, na leo ameiweka ya kwake rehani kwa ajili ya kipande cha chuma chenye rangi ya kucha. Ungempiga, ungemkumbatia, ungeanza na lipi?

Redio alikuwa ameshachomoa ufunguo wake.

"Usifungue," alisema Betri.

Alichukua redio ya mkononi kiunoni mwa Koleo. Redio mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, angeweza kumnong'oneza. Lakini maneno aliyotaka kusema yalikuwa ya kazi, na ya kazi husemwa hewani, yasikike na mkuu mezani, na mlima, na kila mwenye masikio. Alibonyeza kitufe.

"Betri kwa Redio."

Redio alimtazama, akaelewa kwamba hakuna pa kukimbilia. Alitoa redio yake mfukoni. "Redio, nakupata."

"Fundi sanifu wa laini anabaki kwenye laini. Rudia."

Koleo aliacha kutafuna. Nyaya juu yao zilikuwa kimya kabisa, kimya cha umeme usiokuwepo.

"Fundi sanifu wa laini anabaki kwenye laini," alisema Redio.

"Akitaka kuondoka atasema kwa mdomo wake. Rudia."

"Akitaka kuondoka atasema kwa mdomo wake."

"Aliye mezani akiogopa, atasema anaogopa. Atamwambia yeye, hatamwambia mkuu. Rudia."

Hilo halikutoka haraka. Redio alishika kile chombo karibu na mdomo. Kulisema lile mbele ya Koleo, ambaye Jumatatu angelirudia kwenye kila kikombe cha chai. Mbele ya mama yake, kule kwenye wavu. Betri alimngoja. Aliona jinsi shati lilivyomlowa mgongoni, aliona ule mkunjo kati ya nyusi alioupenda tangu siku ya sukari, na akajua kwamba asipolisema, atafungua kufuli yake, atamwashia umeme wa mji wake, na hatarudi tena kwenye sauti ile. Akachomeka mkono kwenye mfuko wa suruali isiyopendwa.

"Aliye mezani anaogopa," alisema Redio. Hakuwa amerudia neno kwa neno. "Anaogopa kila siku. Atamwambia yeye, hatamwambia mkuu. Hatamwambia mtu mwingine yeyote kwanza."

Kwa sheria ya kituo, agizo likirudiwa vibaya linatolewa upya. Betri aliangalia redio yake, akaangalia mwanaume.

Mkwaruzo ukapita hewani, kisha sauti ya mkuu wa kituo, iliyochoka kuliko nyaya zote. "Meza hapa. Nimesikia. Nimesikia yote, na mlimani nao wamesikia, wananiuliza kama tumebadilisha kazi. Ule uhamisho nimeufuta. Betri, nakuomba, mkubalie au mkatalie, tuwashe."

Kwenye wavu, kofia ya wageni ikainuka.

"Mkubalie, mwanangu," alisema mama. "Nywele za watu zinaozea kichwani."

Betri alibonyeza kitufe. Alitaka sauti yake itoke kavu, ya kazi. Ilitoka na unyevu pembeni.

"Sahihi," alisema.

Redio alifungua yake kwanza. Betri akafungua nyekundu, akarudi nyuma ya mstari wa njano pamoja na wengine, na agizo likatoka mezani, likarudiwa, likathibitishwa, neno kwa neno safari hii. Swichi ikashuka mahali pake kwa mlio mzito. Transfoma ikavuta pumzi na kuanza kuvuma.

Redio alisimama kando yake, kufuli mkononi, hana hakika kama ameruhusiwa kusogea. Hakusogea. Alinyoosha tu mkono wenye ile kufuli ya utepe wa buluu na kuuliza kama ile rangi ya kucha ilikuwa imebaki.

"Kikao bado kipo," Betri alimjibu. "Rangi tutaona."

Mama alikuwa ameshavua kofia na kuyapapasa maafa yaliyokuwa chini yake. Alimwita Betri kwa kidole, akamtazama kichwani, akachukua ncha ya msuko mmoja uliochoka kwa jua na kofia, akaisugua kati ya vidole kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Kofia hii inakuulia nywele," alisema. "Ukimaliza kazi Jumatatu, uje. Na uje na suruali yako hiyo hiyo, wateja waone mtu aliyewakaushia."